Sura ya Nne: Shavu la Ngege

Harufu ndiyo iliyowapokea kwanza, kabla ya mwalimu mkuu. Inspekta Elsie Aoko alikuwa bado na mguu mmoja ndani ya Land Rover ilipomfikia: samaki aliyeshinda kwenye joto, dawa ya kusugulia sakafu, na jasho la vijana waliovaa sweta mchana wa jua kali kwa sababu siku ya mtihani sare ni kamili. Aoko alizaliwa na muuza samaki. Alijua kupara magamba kabla ya kujua kusoma. Samaki kunuka hakukumshtua. Lakini kuna harufu ya samaki, na kuna harufu ya mahali ambapo watu wameamua kutoifuata inakotoka.

Sajini Wakhisi alijifunika pua kwa kofia. Yeye ni mtu wa Bungoma, na Kisumu ilikuwa bado haijamwingia.

"Afande, hawa watu wenu wa ziwa, hata mtihani wanafanyia samaki?"

"Kwenu mngefanyia nini?"

"Kuku. Kuku akimaliza mtihani, jioni unamla."

"Hapa pia watu wanakula, usijali," alisema Aoko, akafunga mlango wa gari.

Bwana Walter Opiyo, mwalimu mkuu wa Sekondari ya Wath Rateng, alikuja mbio mikono miwili mbele, tai ikimpiga begani. Aliwapeleka ofisini huku akieleza. Asubuhi hiyo kidato cha nne walifanya karatasi ya biolojia ya vitendo, ile ya kutazama vitu vyenyewe mezani na kujibu. Msimamizi wa mtihani, Bi Nasambu, aliyeletwa kutoka wilaya nyingine, aliona jambo. Darasa lilimaliza swali la samaki bila kumgusa samaki. Wanafunzi walikuwa wakiandika kama wanaoandika majina yao. Bi Nasambu akapiga simu ofisi ya elimu, ofisi ya elimu ikapiga simu polisi.

"Lakini kazi nimewarahisishia," alisema Bwana Opiyo. "Mwizi nimemshika."

Alionyesha kidole nje ya mlango. Kwenye benchi la barazani alikaa msichana mwembamba, mikono katikati ya magoti, blauzi bila sweta. Sweta yenyewe ilikuwa juu ya meza ya mwalimu mkuu, imetandazwa kwenye gazeti kama panya aliyekufa. Kwenye mikono ya sweta hiyo yalimetameta magamba.

"Anaitwa Rosa Awuor. Jana jioni alivunja dirisha la maabara, akaona samaki wa mtihani, akawaambia wenzake. Magamba hayo hapo. Mwandikeni, mwende naye, sisi tuendelee na karatasi za kesho."

"Akiandikwa, atafanya karatasi za kesho?"

"Mwizi wa mtihani hafanyi mtihani, madam. Wala wa kesho, wala wa mwaka ujao."

Msichana alisikia. Hakuinua kichwa.

"Lakini kwanza mle," alisema Bwana Opiyo. "Mgeni hazungumzi na tumbo tupu."

Bakuli lilikuwa tayari mezani, hatua chache tu kutoka kwa ile sweta. Alipofunua kifuniko, Sajini Wakhisi aliondoa kofia puani. Ngege wazima, ile tilapia ya ziwani, waliokaangwa kisha wakachemshwa na nyanya na kitunguu, vichwa vikiwaelekea wageni kama inavyotakiwa.

"Jana tulikuwa na mwenyekiti wa halmashauri ya shule na watu wake. Hawa walibaki."

Aoko aliwatazama wale ngege. Huo ulikuwa mwaka ambao magugu maji yalifunga ghuba, mtu akisimama ufuoni anaona majani tu mpaka macho yachoke, na mitumbwi imekwama kama iliyopandwa. Ngege sokoni alikuwa akisimuliwa tu. Watu walikula mbuta mdogo, yule sangara, aliyeletwa na lori kutoka mbali, na wasioweza mbuta walikula mgongo wazi, ile mifupa inayotoka viwandani baada ya nyama kukatwa na kupelekwa Ulaya. Bakuli la ngege mwaka ule halikuwa jambo la makombo.

Kisha aliona shavu.

Samaki ana kifuniko kila upande wa kichwa, kinachofunika yale matamvua mekundu anayopumulia. Mpishi wa ziwa hakigusi, kwa maana chini yake ndipo penye utamu, na kichwa ni cha mgeni. Ngege hawa kila mmoja alikosa kifuniko cha upande wa kushoto. Hakikuvunjika kwenye mafuta. Kilikatwa kwa makasi, mviringo safi, kama anayekata kitambaa cha dirisha. Aoko alizungusha bakuli taratibu. Mashavu ya kulia yote yalikuwepo.

"Asante, mwalimu. Mimi nimekula."

Wakhisi hakuwa amekula. Alivuta kiti.

Aoko alitoka hadi barazani na ile sweta mkononi, akaketi benchini karibu na msichana.

"Nyathina, mtoto wangu, magamba haya ni ya nini?"

"Ni ya kwa mama, madam. Tunakaanga mgongo wazi pale Obunga. Asubuhi nambebea beseni, ndiyo nakuja shule." Sauti ilikuwa kavu. "Sina sweta ingine."

Aoko alibandua gamba moja, akalisugua kwa kidole gumba. Lilikwaruza kama msasa. Gamba la mbuta; la ngege ni laini. Alilifunga ndani ya kitambaa chake.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa mama. Nilikuwa nachochea moto. Muulize mtu yeyote wa Obunga, tulikuwa tunagombana na majirani juu ya moshi."

"Na wenzako walijuaje swali la samaki?"

Rosa alitazama mlango wa ofisi. Ndani kulisikika Wakhisi akinyonya mfupa.

"Sijui. Jumamosi iliyopita waliitwa marudio ya biolojia, darasa lote. Mimi ni Msabato, Jumamosi naenda kanisa. Jumatatu nikauliza mmesoma nini, wakacheka tu. Wakasema, uliza mchungaji wako."

"Wewe peke yako ndiye Msabato darasani?"

"Peke yangu, madam."

Aoko alisimama. "Una kiu. Nenda kwenye tangi pale nyuma ya maabara, unywe maji, ukae na wenzako. Usikimbie."

"Nikimbie niende wapi?" alisema Rosa.

Mwalimu wa biolojia, Enos Wabwire, aliwafungulia maabara. Alikuwa kijana mwenye sura nzuri na mikono iliyonuka sabuni mpya. Wakhisi alifuata nyuma akijipangusa midomo. Ndani, nzi walikuwa wameshika kazi. Kila meza ilikuwa na sahani ya bati, na kila sahani samaki mmoja mwenye herufi K kwenye kikaratasi. Bahasha za majibu zilikuwa zimefungwa kwa lakiri, Bi Nasambu amezikalia kama kuku wa mayai kwenye chumba cha walimu, na sheria ilikuwa wazi: hata polisi hawazifungui.

Aoko alipita meza baada ya meza. Hawa walikuwa mbuta wadogo, wamelala kwa ubavu. Ute wao ulikuwa umekauka juu ya ngozi ukawa utando mwembamba unaong'aa, na utando ule haukuwa na alama ya kidole. Samaki mzima hivi, mbele ya mtoto anayefanya mtihani wa samaki, na hakuna aliyetaka kumgeuza. Alifika meza ya mwisho karibu na mlango. Samaki wa hapo alikuwa amegeuzwa, mapezi yamesimamishwa kwa pini, mdomo umefunguliwa kwa kijiti cha kiberiti, ute umepanguswa wote.

"Hapa alikaa nani?"

"Rosa, madam," alisema Wabwire.

"Baraza la mitihani liliagiza mnunue samaki gani?"

"Tilapia. Ngege."

"Wewe uliambiwa kabla."

"Kila mwalimu wa sayansi huambiwa kabla, ili atafute. Lakini ni siri. Unanyamaza."

"Na ukaweka mbuta."

"Ndiyo ilipatikana leo alfajiri. Unaona magugu."

"Naona magugu," alisema Aoko. "Dirisha ni lipi?"

Lilikuwa upande wa nyuma, kioo kimoja cha chini kimevunjika, pengo la kupitisha mkono na bega. Wabwire alisema ndipo mwizi alipoingilia jana. Aoko aliinama. Kwenye ncha ya kioo kilichobaki, nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo, vyumba vyake vimepangwa kama mtungi juu ya mtungi, udongo mkavu uliopauka. Kimoja kilikuwa tayari na tundu ambapo mtoto ametoka akaenda zake.

"Sajini, nyigu anajenga hivi kwa usiku mmoja?"

Wakhisi alichungulia. "Huyu amekaa mpaka ana wajukuu."

Wabwire alianza kusema kitu. Aoko alinyanyua kidole. Kupitia lile pengo, sauti za tangi la maji zilikuwa zikiingia kama redio. Kidato cha nne walikuwa wamekusanyika pale, na walikuwa wakifanya lile ambalo kila darasa hufanya likitoka mtihani: kulinganisha.

"Swali la K, mliandika mapezi ya mgongo ngapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya msichana.

"Moja. Ndefu, imeunganika."

"Moja."

"Hata mimi moja. Mdomo?"

"Ndogo. Anakula mimea ya majini."

"Ndogo, ya kuchuna majani. Hiyo ni alama za bure, mzee! Nilimaliza nikaanza kusinzia."

Vicheko. Aoko alisikiliza huku ameshika pembe ya meza. Mbele ya macho yake alilala mbuta. Mgongo wake una mapezi mawili, la mbele la miiba kama chanuo na la nyuma laini, na kati yao bonde ambalo hata kipofu angelipata kwa kidole. Mdomo wake umepasuka mpaka chini ya jicho. Mbuta anakula samaki wenzake, anakula hata watoto wake. Hakuna nyumba ufuoni isiyojua hivyo.

"Rosa! Karibu, mfungwa!" sauti ya mvulana iliita. "Wewe uliandika ngapi?"

Kisha Rosa: "Mawili."

Tangi lililia kwa vicheko.

"Mawili! Dorca, umesikia? Samaki amevaa sketi na kaptula!"

"Na mdomo?" aliuliza yule msichana.

"Mkubwa. Nimeandika anakula samaki."

"Wuololo! Rosa amekaanga mgongo wazi mpaka kichwa kikabaki wazi."

"Lakini ilikuwa mbuta," alisema Rosa. "Ochieng, baba yako ana mtumbwi. Hukuona ilikuwa mbuta?"

"Mimi niliona jibu," alisema Ochieng.

Aoko aliachia pembe ya meza. Alimgeukia mwalimu. Wabwire alikuwa amesogea mpaka ukutani.

"Sajini, niletee huyo Ochieng. Na umwite Bwana Opiyo."

Mvulana aliingia amejaza mlango, mrefu, mabega ya kuvuta kasia. Bwana Opiyo alikuja nyuma yake akitabasamu kwa meno tu.

"Huyu mezani ni samaki gani?" Aoko alimwuliza Ochieng.

"Mbuta, madam."

"Mguse. Mapezi ya mgongo?"

Ochieng alimgusa kwa ncha ya kidole, akaufuata mgongo. "Mawili."

"Kwenye mtihani uliandika ngapi?"

"Moja."

"Samaki alikuwa huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Basi nieleze, baba. Nisaidie, mimi ni mtu mzima, akili yangu ni nzito."

Mvulana alimtazama mwalimu wake, kisha akamtazama Inspekta kama anayemwonea huruma. "Madam, mtu akishajua jibu, anaangalia samaki ya nini?"

Hakusema kwa ujeuri, na hilo ndilo lililochukiza zaidi. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba ukiwa na paa hutafuti mwavuli. Mtoto wa mvuvi, aliyekula mbuta tangu meno ya kwanza, amekaa mbele ya mbuta akaandika ngege, na anashangaa anaulizwa.

"Jibu ulipewa Jumamosi?"

"Ochieng!" alisema mwalimu mkuu.

"Mwache amalize, Bwana Opiyo."

"Jumamosi, madam. Mwalimu alileta ngege kidogo, tukakata shavu tukahesabu matamvua, tukahesabu kila kitu. Akasema samaki itakuwa hii, na majibu ni haya, msikose hata moja."

"Kijana anaropoka," alisema Bwana Opiyo. "Marudio ni haki ya kila shule. Mwizi wetu tunaye—"

Mlango uligongwa kwa ndoo. Mwanamke mnene mwenye aproni alisimama pale, ndoo tupu mkononi na kitambaa puani.

"Samahanini. Mwalimu mkuu alisema nikusanye hizi samaki nizimwage chooni kabla wageni hawajasikia harufu." Aliwaona polisi. "Aa. Wameshasikia."

"Karibu, mama. Wewe ndiye mpishi?"

"Ndiyo mimi, Agneta."

"Mama Agneta, wale ngege wa ofisini wametupendeza. Lakini nina swali la wanawake. Kwa nini unakata shavu?"

Uso wa Agneta ulivimba. "Mimi? Mimi nikate shavu ya ngege, nimpe mgeni? Mungu ananiona! Nilizikuta hivyo kwa friji ya maabara. Mwalimu mkuu aliniambia jana, mwenyekiti amekuja na watu, kuna samaki kwa friji, zipike zote. Nikapika. Nzima nikapelekea wageni. Hizo zilizokatwa nikaona aibu, nikazificha kwa sufuria. Leo ananiambia polisi wanakuja, toa chochote kilichobaki." Aliweka ndoo chini. "Nilimwambia, mwalimu, hizo zina shavu moja. Akasema polisi hawaangalii shavu."

Nzi walivuma. Sajini Wakhisi alikuwa amesimama bila kutikisika.

"Afande," alisema polepole, "hizo nilizokula..."

"Ni za Jumamosi, Sajini. Darasa zima liliwashika. Walikudungia pini."

Wakhisi alitoka nje kwa haraka iliyo na heshima, na nyuma ya maabara kulisikika jinsi Bungoma inavyoirudishia Kisumu mali yake.

Aoko hakucheka. Alimgeukia Wabwire.

"Basi tupange, mwalimu, unisahihishe nikikosea. Ulinunua ngege wa mtihani mapema kwa sababu ni adimu. Jumamosi ukatoa wachache, ukawafundisha watoto majibu. Waliobaki ukawaweka wazima kwa ajili ya leo. Jana mkubwa wako akawalisha wageni, hakukuuliza. Leo alfajiri unafungua friji, friji ni tupu, unakimbilia mbuta. Msimamizi ameshafika, huwezi kuwaambia watoto kwamba majibu yamebadilika. Ukaomba Mungu kwamba wataona wenyewe."

"Niliomba," alisema Wabwire. "Nilipita kati ya meza nikikohoa. Nilikohoa mpaka msimamizi akaniambia nitoke. Hakuna aliyeinua macho."

"Isipokuwa mmoja."

"Isipokuwa Rosa."

"Na ukakubali abebe mzigo."

Wabwire alimwonyesha mwalimu mkuu kwa kidevu, hakutaka kutumia mkono. "Aliniambia mwaka jana tulishika mkia wilaya nzima. Aliniambia shule ikiwa ya mwisho tena, wa kwanza kufukuzwa ni mwalimu wa biolojia. Na leo akasema, yule wa mgongo wazi ana magamba kwenye sweta, hana baba wa kuja kupiga kelele hapa. Ndivyo alivyosema. Hana baba."

Bwana Opiyo alinyoosha tai yake. "Madam Aoko, wewe ni mtu wa hapa. Hawa ni watoto wetu. Ukiandika haya, shule nzima inafutwa matokeo. Wote. Hata huyo Rosa wako atafutwa nao, wanafuta kituo chote, hawachagui. Samaki hawa wakimwagwa, wote wanapita."

"Na Rosa akiwa mwizi."

"Mtu mmoja," alisema Bwana Opiyo kwa upole. "Mmoja tu."

Aoko alimtazama: kola safi, viatu vilivyong'arishwa, na kwenye pembe ya mdomo alama ndogo ya mchuzi wa nyanya. Alitamani kunawa mikono, na hakuwa amemshika.

"Mama Agneta," alisema, "nipe hiyo ndoo. Na karai moja kubwa."

Walikusanya samaki wote. Wasioguswa waliingia karaini, kila mmoja na kikaratasi chake, na Aoko alimwita Bi Nasambu atazame ule utando mkavu kabla haujafutika, na aandike kwa mkono wake mwenyewe alichokiona. Samaki wa meza ya mwisho aliwekwa peke yake ndani ya chupa ya maabara yenye spiriti, pini zake zikiwa bado zimesimama mgongoni.

Rosa alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwambia aje.

"Madam, na jibu langu? Kama baraza walitaka ngege, si nimekosa?"

"Uliulizwa juu ya ngege au juu ya samaki aliye mbele yako?"

"Aliye mbele yangu."

"Basi nenda nyumbani ukasome karatasi ya kesho." Alimpa sweta yake. "Ivae tu hivyo hivyo. Magamba usiyatoe."

"Mwalimu mkuu amesema watafuta shule yote."

Aoko hakumdanganya. "Wanaweza. Ndiyo maana nakwenda nao hawa." Aligonga kifuniko cha chupa. "Walioguswa na wasioguswa. Wakitaka kuniambia darasa lote ni kitu kimoja, nitawaomba wanyooshe mkono waguse."

Jua lilikuwa limelalia upande wa ziwa walipopakia gari. Wabwire alipanda nyuma bila kuambiwa. Bwana Opiyo alitafuta nafasi ya mbele, akakuta Wakhisi amekaa, rangi ya majivu, kichwa dirishani. Ikabidi naye apande nyuma, na kwa kuwa sakafu ilikuwa imejaa, Aoko alimwekea karai la mbuta juu ya magoti. Maji ya samaki yakafuata mkunjo wa suruali yake.

"Shika vizuri, mwalimu. Hivyo ni vielelezo. Ukimwaga, utaokota."

Barabarani, baada ya kona ya kwanza, Wakhisi alishika kishikio cha kioo.

"Afande, nifungue zaidi. Hii harufu itatuua."

"Funga," alisema Inspekta Aoko, mikono kwenye usukani, chupa ya Rosa ikiwa mapajani mwake, yule samaki akitikisika ndani na mapezi yake mawili juu. "Funga kabisa. Nataka ifike ofisi ya elimu ikiwa nzima."